Mabati Arobaini na Mawili

Nilichaguliwa mweka hazina kwa sababu moja tu:
nyumba yangu ina mlango wa chuma.
Hesabu sikusomea. Nauza sambaza Nyawera,
nazipima kwa kikombe,
na kikombe hakijawahi kunidanganya.

Darasa la tatu halikuwa na paa tangu mvua ya Aprili,
ile iliyoteremka Kadutu ikibeba masufuria, viatu,
na choo kizima cha jirani.
Wingu likichomoza upande wa Panzi
mwalimu Murhula alifunga kitabu
kabla sentensi haijafika kwenye nukta.

Tukakutana, kamati: watu tisa, viti sita.
Bwana Cishugi akasema, tumwalike mheshimiwa.
Nikamuuliza, mheshimiwa hula nini?
Nikaandika: mbuzi, bia, soda za walinzi wanne,
kitambaa cha meza, mtu wa kukifua.
Nikajumlisha. Mabati kumi na moja
yalikuwa yameliwa kabla mgeni hajanawa mikono.
Tukamfuta.
Cishugi alinuna mpaka Alhamisi.

Basi, mpira. Walimu na motari wa Nguba.
Kiingilio faranga elfu moja, mtoto mia mbili,
na mtoto asiye na mia mbili aje na jiwe,
maana mawe nayo tunayahitaji.
Viti vya parokia ni bure, tukivirudisha na miguu yake minne.
Jenereta ya Mama Nsimire, mazutu yetu.
Kipaza sauti hapana. Tunaye Bisimwa, ana koo.

Anayekuja kushika kazi hii baada yangu asikie:
usihesabu ahadi.
Ahadi ina sauti nene. Husimama,
husema, "Niandikeni dola hamsini!"
hupigiwa makofi,
na kuanzia kesho hubadilisha njia ya kwenda sokoni.
Nilipiga mstari katikati ya daftari,
kushoto maneno, kulia noti.
Kushoto kulijaa kabla ya mapumziko.

Walimu walifungwa matano. Mkuu wa shule alidaka na miwani yake.
Maandazi ya Nabintu yaliisha dakika ya ishirini;
nilimwambia akaange mara mbili.
Naye aliniambia tusiweke siku ile, kutanyesha.

Kukanyesha.
Watu mia tatu wakakimbilia darasa la tatu,
wakaingia, wakasukumana, wakafunga mlango,
kisha wakatazama juu.

Hakuna aliyecheka kwanza.
Maji yalitushukia wote, motari na mapadri,
yakaosha ubao uliokuwa na hesabu ya kugawanya,
na mkono wa kwanza ukaingia mfukoni.
Siku hiyo niliandika upande wa kulia
kwa kalamu iliyokuwa ikitoa machozi ya buluu.

Wa mwisho alikuwa mama wa kubeba mizigo,
alama ya kamba bado imemkaa kwenye paji la uso.
Akanipa dola kumi. Imechanika pembeni,
na hapa Bukavu, noti ikichanika upana wa ukucha,
hata mwenye njaa anakurudishia.
"Nimebeba saruji siku nane," akasema,
"nikalipwa hii. Kila duka wanaikataa.
Nikafikiri, labda shule itaikubali."

Nikaandika: kulia, kumi.
Jina nilimwuliza. Furaha M'Cirimwami.
Akatweka mzigo wake, akapanda mlima.

Mabati arobaini na moja ni ya noti nzima.
La mwisho, lile la juu ya dirisha la ziwani,
nilililipia kwa vikombe vyangu.
Mbadilishaji pesa alitaka kunipa sita kwa ile kumi.
Nikamwambia sipimi hivyo.
Iko ukurasa wa kumi na tisa, imebanwa na pini.

Mvua ikinyesha sasa, darasani hawasikilizani,
mabati yanapiga kelele mno. Murhula analalamika.
Nimemwambia dari ni mwakani.

Na Bwana Cishugi, upande wa kushoto,
mstari wa nne kutoka juu:
hamsini.